Viungo Vinauma na Dawa ya Tezi Nameza: Niiache?

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 46. Miezi mitatu iliyopita nilipimwa, nikaambiwa tezi ya thairoidi imelegea, nikaandikiwa levothairoksini maikrogramu 50 kwa siku. Naimeza asubuhi na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kalsiamu nilivyonunua kwa ajili ya magoti. Magoti na vidole bado vinauma, hasa nikiamka, na usiku vidole vinakufa ganzi. Jirani anasema dawa hiyo inakula mifupa. Niiache?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usiiache. Kinachotutia shaka kwanza ni hiyo kalsiamu. Ikikutana na levothairoksini tumboni inaishika, na dawa iliyoshikwa haiingii kwenye damu ipasavyo. Tezi ikilegea, misuli na viungo huuma na kukakamaa. Kwa hiyo unaongeza kalsiamu kwa ajili ya maumivu, nayo inazidi kuipunguza dawa ambayo ingeyatuliza. Maziwa, kahawa, vidonge vya kuongeza damu, dawa za kiungulia na uji wa lishe wenye soya vina shida hiyohiyo.

Anza kesho: ukiamka, meza kidonge na maji matupu, kisha kaa dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Kalsiamu na vidonge vya damu visubiri saa 4. Ukimeza dawa saa 12 asubuhi, hivyo vingine ni kuanzia saa 4 asubuhi. Mweleze daktari wako ulivyokuwa ukiimeza, kisha upime TSH (homoni inayoiamrisha tezi; hupanda dawa ikipungua, hushuka ikizidi) baada ya wiki 6 hadi 8 za utaratibu huu. Kupima kabla ya hapo ni kupoteza hela, kwa sababu homoni hii hujikusanya mwilini taratibu. Usipandishe dozi mwenyewe. Na kama unatumia vidonge vya nywele vyenye bayotini, viache angalau siku 2 kabla ya kipimo, maana vinaweza kuleta majibu ya uongo.

Jirani hajakosea kabisa. Dozi ikizidi kwa muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa, hasa kwa aliyekoma hedhi. TSH iliyoshuka mno ndiyo itakayosema hivyo, pamoja na moyo kwenda mbio, jasho na mikono kutetemeka. Wewe dalili zako zinaelekea upande wa pili.

Ganzi ya usiku mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, jambo la kawaida tezi ikilegea. Lala na kishikizo kinachoufanya mkono ubaki umenyooka. Magoti yakande kwa taulo ya maji ya moto dakika 15 asubuhi. Kisha keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, hesabu hadi 5, ushushe. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Kigoda na kibao cha mbuzi viache kwa sasa, magoti yakikunjwa sana yanazidi kulalamika.

Maumivu yakizidi, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ini bovu aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni zisichanganywe, na mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu asizinunue kienyeji. Unga wa "dawa ya viungo" usio na lebo usiuguse; baadhi huchanganywa na steroidi kimyakimya.

Vifundo vya vidole vikivimba mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi ukipita saa nzima, omba uchunguzi wa baridi yabisi. Ugonjwa wa tezi unaotokana na kinga ya mwili kujishambulia mara nyingine huandamana nayo, na hapo hata TSH nzuri haitaondoa maumivu.

SWALI: Nina miaka 31, tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi. Niko wiki ya tano ya kabimazoli. Viungo vinauma kwa kuhamahama, ngozi inawasha, na tangu jana nina homa na koo linauma. Ninunue antibayotiki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali leo hii na kopo la dawa mkononi, uombe kipimo kamili cha damu kinachohesabu chembe nyeupe. Kabimazoli, mara chache, huzishusha chembe hizo kiasi cha kuhatarisha maisha, na koo lenye homa ndiyo dalili ya kwanza. Kumeza antibayotiki nyumbani kutaficha tu jambo lenyewe.

Chembe zikiwa salama, bado viungo na muwasho vinahitaji maelezo, kwa kuwa dawa hii inaweza kuvileta vyote viwili katika miezi ya mwanzo. Daktari ndiye atakayeamua: kubadilisha dawa, madini joto ya mionzi au upasuaji. Atakupima pia T4, yaani homoni yenyewe ya tezi, maana homoni ikishushwa haraka mno misuli hukaza. Aspirini usitumie kwa maumivu hayo, kwani kwa dozi kubwa huongeza homoni ya tezi iliyo huru kwenye damu.