Kwa mwalimu mgeni: kuwafundisha vijana kujikinga na majeraha

Kipindi changu cha kwanza cha usalama nilikiandaa wiki nzima. Nilikusanya picha za magari yaliyobondeka, goti lililochanika mpaka mfupa unaonekana, na pafu la mvutaji sigara lililogeuka rangi ya mkaa. Nilitaka waogope. Msichana mmoja wa dawati la mbele alijisikia vibaya, akatolewa nje apunge upepo. Wavulana wa nyuma waliguna, wakacheka, halafu wakaniomba niirudishe ile picha ya goti. Siku tatu baadaye nikawakuta hao hao, watatu juu ya baiskeli moja, wanateremka mlima, wa nyuma kabisa amesimama na mikono ameiachia. Aliponiona alinipungia kwa furaha tele: "Shikamoo mwalimu!"

Najua nawe una picha zako kwenye simu. Ziache huko huko.

Si kwamba vitisho ni vikali mno kwa watoto. Shida ni kwamba vinajibu swali ambalo kijana hakuuliza. Waulize wa miaka kumi na minne wakuorodheshee hatari za barabarani, za majini, za pombe, uone. Watakupa orodha ndefu kuliko yako, na nusu yake wameiona kwa macho yao. Marekani walijaribu vitisho kwa miaka mingi: vijana watukutu walipelekwa magerezani wakakaripiwe na wafungwa ili watie akili. Watafiti walipokuja kulinganisha, waliopelekwa walikuwa na makosa mengi zaidi baadaye kuliko wenzao walioachwa nyumbani. Kuna pia mradi wa DARE, ulioanzia Los Angeles mwaka 1983, polisi wakiingia madarasani kuwaonya wanafunzi juu ya dawa za kulevya. Wazazi waliupenda, walimu waliupenda, polisi wenyewe waliupenda, ila tafiti moja baada ya nyingine ziliona kwamba matumizi ya dawa hayakupungua kwa kiasi cha kusemewa.

Kinachompungukia kijana ni kitu kidogo zaidi, nacho ni zile sekunde kumi mbele ya wenzake. Anajua kwamba dereva amelewa. Anajua asipande. Hajui tu aseme nini, kwa sauti gani, atazame wapi, wakati watu watano wanamsubiri na injini inaunguruma.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walilionyesha hilo mwaka 2005 kwa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, ambapo mchezaji anaamua kusimama au kuendelea taa ikiwa ya njano. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza na wenzao pembeni, walijihatarisha karibu mara mbili ya waliocheza peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Sasa fikiria: darasani unamfundisha akiwa ametulia, akili zake zote nyumbani, kisha mtihani anaufanyia katikati ya washikaji. Ukitaka somo limfuate huko, lifanyie mazoezi katika hali inayofanana na huko.

Kwa hiyo mimi hufanya igizo, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote. Viti vinne katikati ya darasa, ndilo gari. Dereva "amekunywa mbili tu". Mmoja yuko nje, anaambiwa apande. Mara ya kwanza yule wa nje atakupa jibu la mtihani: "Hapana, kuendesha baada ya kunywa pombe ni hatari kwa maisha yetu." Darasa litaangua kicheko. Usiwakemee, wana haki ya kucheka. Muulize tu: "Kweli ungesema hivyo?" Atakiri kwamba asingesema.

Siku moja, baada ya majibu ya mtihani kama matano hivi, kijana mmoja mkimya ambaye tangu mwaka uanze sikuwa nimemsikia akijitolea kusema lolote alinyoosha kidole, akaja, akasimama kando ya viti. Wenzake wakaanza: "Oya, panda bwana, ni hapo tu." Akajipapasa mfukoni, akakunja uso. "Aah, simu nimeiacha ndani. Nakuja." Akaondoka kuelekea mlangoni. Dereva akamwuliza, utarudi saa ngapi? Akageuka, akasema, "Sirudi."

Darasa lilinyamaza kidogo, kisha likalipuka, ila kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine. Baada yake kila mtu alikuwa na yake. Mmoja tumbo linamkata. Mwingine huziomba funguo "nitoe koti langu humo ndani", kisha funguo zinapotea mpaka asubuhi. Msichana mmoja alisema amepatana na mama yake: akimtumia neno fulani kwenye simu, mama anapiga kwa ukali, "Uko wapi? Rudi sasa hivi!" Wenzake wanamhurumia kwa kuwa na mama mkorofi, naye anapata njia ya kutoka. Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Waeleze wazazi mkikutana nao, na uwasisitizie sharti lake, kwamba usiku ule hakuna mahojiano. Mtoto akipigiwa kelele siku aliyoomba kuokolewa, hataomba tena.

Mwenzangu mmoja aliniambia nawafundisha kusema uongo. Nilimkubalia. Wapo pia wanaoweza kusema wazi, "Umelewa, sipandi," na hao nao wapeni nafasi ya kulitamka mara kadhaa mpaka ulimi uzoee. Lakini kijana mwenye aibu usimpe silaha ya mtu jasiri. Jambo moja la kuangalia: anayeshawishi mpe maneno matatu makali ya kurudia, na asikubali haraka. Igizo lisilo na ubishi halimwandai mtu kwa lolote.

Utakutana pia na methali. Mapema tu kuna atakayekuambia, "Mwalimu, ajali haina kinga." Usimcheke. Huenda ameisikia msibani, ikitolewa kwa wafiwa ili wasijilaumu, na pale ilifanya kazi yake vizuri. Darasani kazi ni nyingine. Mimi huandika ubaoni maneno mawili, ajali na jeraha, nikawauliza kama ni kitu kimoja. Breki za gari zinaweza kukatika, hilo wanalikubali. Je, ni lazima paji la uso lifike kwenye kioo? Mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alibuni mkanda wa kushika mwili sehemu tatu mwaka 1959. Gari litagonga vile vile, ila aliyefunga mkanda anabaki kwenye kiti. Daktari mmoja wa Marekani, William Haddon, alitufundisha kuona jeraha kama nguvu iliyoingia mwilini kuliko mwili unavyoweza kubeba, iwe ya mwendo, ya joto au ya umeme. Akachora jedwali: kabla ya tukio, wakati wa tukio, baada ya tukio, na kwa kila hatua utazame mtu, chombo na mazingira. Chora hilo ubaoni, chukua anguko moja la baiskeli, waache wajaze. Ile methali itaanza kuyumba yenyewe bila wewe kuigusa. Hata jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitangaza mwaka 2001 kwamba litaacha kutumia neno la Kiingereza lenye maana ya ajali, kwa sababu linafanya majeraha yaonekane hayatabiriki wala hayazuiliki.

Takwimu usiwamwagie. Moja inatosha: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, barabara huua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Itamke mara moja, nyamaza kidogo, kisha shika rula.

Rula ya sentimita 30 ndiyo kifaa changu bora. Mwanafunzi anaweka kidole gumba na cha shahada wazi, wewe unaishika rula kwa juu, sifuri ikiwa katikati ya vidole vyake, halafu unaiachia bila kumwonya. Wengi huidaka kwenye sentimita 20 hivi, ambayo ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Wanashangilia, wanashindana, kila mtu anajiona ana mikono ya kipa. Sasa mwambie ashike simu kwa mkono wa pili na aandike ujumbe wa kweli huku anasubiri. Iachie. Mara nyingi rula inapita yote na kugonga sakafu. Usihubiri. Waulize: mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni mita ngapi kwa sekunde? Wakipiga hesabu watapata karibu 17. Watoe nje wapime mita 17 ardhini, asimame mmoja huku na mwingine kule. Huo ndio umbali wa sekunde moja tu ya kutazama simu. Wanabaki wanatazamana, na hawaonekani kuogopa. Wanaonekana kama watu waliogundua kwamba walikuwa wanadanganywa na hisia zao wenyewe.

Helmeti nayo ifundishe kwa mikono. Wengi huivaa imerudi nyuma kama kofia ya urembo, paji la uso wazi. Nafasi ya vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya sikio, chini ya kidevu kipite kidole kimoja au viwili, basi. Niliwahi kumwuliza kijana mmoja mbona helmeti ameitundika kwenye mkono. Akasema ni ya kumwonyesha trafiki. Nikamwambia, "Sawa, kiwiko chako kiko salama sana." Jina la Kiwiko likamganda mwaka mzima, na nakiri kwamba halikumfurahisha. Siku hizi mzaha wa kumlenga mtu mmoja nauchunga zaidi.

Upande wa afya ya kila siku, usiwabebeshe mzigo wa mambo kumi. Anzia kwenye usingizi, kwa kuwa ukimpata kijana hapo, hasira, njaa ya ovyo na maamuzi ya haraka vinapungua. Wa umri huu wanahitaji saa 8 hadi 10, na karibu wote wanajua hawazipati. Kwa sigara na zile za kielektroniki, saratani ya uzeeni haiwagusi, miaka sitini kwao ni hadithi. Kinachowagusa ni kugundua kwamba kuna mtu mzima amekaa ofisini akachagua ladha ya pipi na maembe ili wao wanase mapema, maana wavutaji wengi walianza wakiwa wadogo. Kijana anachukia kufanywa mjinga kuliko anavyoogopa kufa. Mazoezi, dakika 60 kwa siku, hayahitaji maneno mengi. Wape mpira.

Huduma ya kwanza ifanyeni. Aliyeungua apewe maji yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20, na wahesabu hizo dakika kwa saa ya ukutani ili wajue zilivyo ndefu. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia vikae mbali. Aliyegongwa kichwa uwanjani akachanganyikiwa, au kichwa kikamuuma, au akaona maruweruwe, ametoka mchezoni siku hiyo hata kama ni fainali na yeye ndiye mfungaji, na anatafutiwa daktari. Kocha atakukasirikia.

Sasa kosa langu baya zaidi. Nilifundisha kuhusu kuzama majini, kwa mfano mrefu wa mtoto aliyeteleza, na nilikuwa nimeusimulia vizuri. Katikati ya darasa msichana aliinamisha kichwa kwenye dawati na hakukiinua tena. Kaka yake alikuwa amefia majini miezi michache kabla. Kila mtu mle ndani alijua isipokuwa mimi. Tangu hapo, kabla ya mada yoyote namfuata mwalimu wa darasa na kumwuliza nani amefiwa, nani ana mgonjwa, nani nyumbani hakuko sawa. Mwanafunzi anayehusika namwambia mapema kitakachozungumzwa, na namruhusu atoke bila kuaga.

Baadhi yao watakufuata baada ya kipindi. Atasubiri wenzake waishe, atakusaidia kufuta ubao, kisha atasema, "Mwalimu, nikikwambia kitu hutamwambia mtu?" Usiahidi. Mwambie ukweli, kwamba utaitunza siri yake isipokuwa pale uhai wake au wa mwingine ukiwa hatarini, na kwamba mkifika huko mtakwenda pamoja. Ukihisi anafikiria kujiua, mwulize waziwazi kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, na wengi hupata ahueni kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Usimwache peke yake. Na kabla hujafundisha kipindi chako cha kwanza kabisa, uwe tayari unamjua mshauri nasaha au mhudumu wa afya utakayempelekea, na namba yake uwe nayo.

Kwa maswali ya aibu tumia vikaratasi, na kila mtu aandike, hata kama ni "sina swali". Wakiandika watatu tu, darasa zima litajua ni nani.

La mwisho, wanakutazama ukiondoka. Wiki ile ile niliyofundisha helmeti nilichelewa mahali, nikairukia pikipiki na kuanza kuondoka getini, helmeti nikiwa nimeipitisha mkononi. Dirisha la darasa likafunguka. Nikaijua sauti kabla sijageuka, ni ya yule kijana.

"Mwalimu! Kiwiko chako kiko salama sana!"

Nikazima pikipiki. Nikaivaa, nikakaza kamba. Hawakufunga dirisha mpaka nilipopitisha kidole chini ya kidevu wakakiona.