Analia usiku kucha, na ugali hagusi

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Shangani, Mtwara. Mume wangu amemnunulia binti yetu mtoto wa mbwa aina ya Pomeranian kutoka Dar es Salaam. Aliyemuuza anasema ana wiki 8 na amemaliza chanjo zote. Alikuja kwa basi, akafika jioni hajala kitu. Tumempima dukani, ana gramu 900. Tunamlaza jikoni peke yake, na usiku wote miwili amelia mpaka alfajiri. Ugali na dagaa hagusi. Leo asubuhi alikuwa anayumbayumba, nikamwekea chai ya maziwa kwenye kisosi, akalamba, baada ya muda akawa anakimbia, nikajua ni uchovu wa safari. Nifanyeje alale usiku? Nimnyoe manyoya kwa hili joto letu? Jirani ana dawa ya kuogeshea ng'ombe, anasema nimpake kuzuia kupe, ni sawa? Halafu mama mkwe tunaishi naye, ni mtu wa swala, hataki mbwa amguse. Naomba ushauri.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mgeni. Umeniuliza mambo manne, na la tano umelitaja kwa kupita tu, ukalifunga mwenyewe kwa kusema ni uchovu wa safari. Naanza na hilo la tano, kwa sababu ndilo linaloweza kumuua.

Mtoto wa mbwa wa umbo hilo akiyumba asubuhi, kisha akachangamka baada ya kulamba kitu chenye sukari, jambo la kwanza la kushuku ni kushuka kwa sukari kwenye damu. Aina ndogo kama Pomeranian, Chihuahua, Maltese na Yorkshire Terrier wanapatwa sana na hali hii wakiwa wachanga. Ini lao ni dogo, akiba ya sukari inayokaa humo ni kidogo, misuli haijajaa, na mwili mdogo unapoteza joto upesi. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa akilala njaa, anaamka na njaa. Huyu wako akilala njaa anaweza asiamke. Sasa jumlisha safari ya zaidi ya kilomita 500 tumbo tupu, nyumba ngeni, kulia usiku kucha na sahani ya ugali asioutaka.

Kilichomwinua ni sukari iliyokuwemo kwenye chai. Chai yenyewe usimpe tena, maana ina kafeini, na kwa mwili wa gramu 900 haihitajiki nyingi kuleta madhara. Nunua glukosi ya unga duka la dawa, au weka asali, mahali ambapo kila mtu ndani ya nyumba anapajua. Ukimwona amelegea, anatetemeka, anatembea kama mlevi au anakodoa macho tu bila kukuitikia, chovya kidole kwenye asali umpake kwenye fizi na ndani ya shavu. Glukosi ikoroge na maji kidogo iwe nzito, upake vilevile. Asiyejitambua usimmiminie kitu kooni, kitaingia kwenye mapafu. Akiwa na degedege, usipitishe kidole katikati ya meno; paka upande wa nje, kati ya shavu na fizi. Mfunge kwenye kanga, mpakate apate joto, rudia baada ya dakika 5 hadi 10. Akizinduka na kuweza kumeza, mpe chakula saa hiyohiyo, kwa sababu sukari ya asali hupanda haraka na kushuka haraka. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anarukaruka. Nyuma ya sukari iliyoshuka mara nyingi kuna kingine: minyoo, kuhara, au ugonjwa unaoanza.

Kwa hiyo, chakula. Mpe milo 4 kwa siku, midogo: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 4 usiku. Huo wa saa 4 usiku watu wengi wanauruka, na ndio unaombeba mpaka asubuhi. Kwa kuwa wako ameshayumba mara moja, wiki hii ya kwanza muongeze kijiko cha chakula mnapomtoa kukojoa usiku wa manane. Ugali si sumu, ila unamjaza tumbo kabla hajapata protini na mafuta ya kumtosha, na dagaa wakavu wa huku pwani wengi wana chumvi kali. Mpigie simu aliyemuuza umuulize swali moja tu: alikuwa anakula nini? Mpe hichohicho kwa siku chache, kisha changanya na chakula kipya ukiongeza kidogokidogo kwa muda wa wiki nzima. Kama alizoea chakula kikavu cha watoto wa mbwa na hapo mjini hujakipata, agiza kije kwa basi kama alivyokuja yeye. Wakati unasubiri, kuku au samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba na mifupa yote, umponde na wali laini na yai lililoiva. Usitie chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu; vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Lakini usimfanye aishi kwa mlo huo miezi, kalisi yake haitoshi kwa mifupa inayokua. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao, na kuhara ndicho kitu cha mwisho unachokitaka sasa.

Tuje kwenye kulia. Juzi tu alikuwa analala amebanwa katikati ya mama na ndugu zake, leo yuko jikoni kwenye sakafu ya saruji, giza, hakuna harufu anayoijua. Utaambiwa umwache alie mpaka achoke, atazoea. Sikubaliani na ushauri huo kwa mtoto wa umri huu, na kwa wa gramu 900 naupinga kabisa, kwa sababu anachokichoma akilia ni ileile akiba ndogo ya sukari. Tafuta boksi la kutosha ajigeuze, kata upande mmoja uwe mlango, tandika kanga kuukuu, uliweke sakafuni kando ya kitanda chenu. Kile kitambaa alichosafiri nacho usikifue kwanza, kina harufu ya alikotoka. Kiweke humo ndani. Akianza kunung'unika, shusha mkono tu aunuse, usimtoe wala usiwashe taa. Akiamka ghafla na kuanza kuzungukazunguka, huyo ana mkojo. Mtoe nje kimya, akimaliza mrudishe. Wengi hutulia ndani ya wiki moja hivi. Baada ya hapo sogeza boksi kidogokidogo kuelekea mahali mnapotaka alale moja kwa moja.

Kitandani hapana. Mifupa ya miguu ya mbele ya mbwa hawa ni myembamba, na kuruka kutoka kitandani, kwenye sofa au mikononi mwa mtoto kunatosha kuivunja. Mwambie binti yenu sheria ni moja: ukitaka kumpakata, kaa chini kwanza. Mchana naye muacheni alale, maana mtoto wa mbwa wa umri huu hulala saa 18 au zaidi kwa siku, na watoto wa mtaa mzima watataka kuja kumchezea. Siku ya kumfunga kamba ikifika, tumia mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Koo la aina hii ni dhaifu.

Haja ndogo na kubwa: mtoe kila akiamka, kila akimaliza kula, na kila akimaliza kucheza. Mpeleke mahali palepale kila mara, akimaliza msifie hapohapo. Kumsugua pua kwenye mkojo wake kunamfundisha kukuogopa tu.

Manyoya usinyoe, nakuomba. Pomeranian ana tabaka mbili, laini la chini na refu la juu, na yakinyolewa hadi chini kuna wanaokaa miezi mingi bila kurudi vizuri, wengine hayarudi kamwe. Tena ngozi inabaki wazi kwa jua. Mchane kwa brashi, hewa ipite. Mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na hewa ya Mtwara kuanzia Novemba hadi Machi ina unyevu mwingi kiasi kwamba kuhema kwenyewe hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kivuli, sakafu ya baridi, maji yasiyokauka, na kutembea asubuhi mapema au jua likishazama. Chumba cha bati kilichofungwa mchana, au gari lililoegeshwa hata kwa dakika chache, ni hatari.

Dawa ya ng'ombe ya jirani, mrudishie kwa shukrani. Baadhi ya dawa za josho zina amitrazi, sumu ya kuua kupe, nyingine zina sumu kali zaidi, na kipimo chake kimepangwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Amitrazi haifai kwa mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 4. Inamlegeza, moyo unapiga polepole, joto la mwili linashuka. Kwa sasa mkague kila jioni masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia, ng'oa kupe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi. Ipo dawa ya kupuliza yenye fipronili inayoruhusiwa kwa wadogo, ila ipimwe na daktari kwa uzito wake.

Kuhusu chanjo, muuzaji amekurahisishia maneno. Mbwa wa wiki 8 hawezi kuwa amemaliza. Kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuizima chanjo ya mapema, ndiyo maana ile ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, inarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza akiwa na miezi 3. Dai kadi, kama haipo, hesabu kwamba hajachanjwa. Mpaka amalize, asitembezwe wanakopita mbwa wa mitaani wala asinuse vinyesi, kwa sababu virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Dawa ya minyoo apewe kila wiki 2 hadi daktari aseme inatosha, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Usilegee hapa, kwa sababu minyoo ya mbwa inaambukiza watoto. Na akiwepo mbwa yeyote wa kumng'ata mtu nyumbani au mtaani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja.

Msimu wa korosho ukifika, kama mna mikorosho uani au ndugu wa Newala wanaleta gunia, weka mbali korosho zenye maganda: mafuta yake yanababua mdomo. Mabibo yaliyochacha nayo yana kilevi, na uraka, pombe inayotengenezwa kwa mabibo, usiachwe kwenye bakuli sakafuni.

Kwa mama mkwe, kaa upande wake. Sisi wa pwani wengi tunafuata kwamba mate ya mbwa ni najisi, na masuala ya twahara atamuuliza shehe wake, si mimi. Kazi yenu ni kumwekea mbwa mipaka mapema: chumba cha mama na mahali pa mswala asipajue kabisa, bakuli lake lisioshwe pamoja na vyombo vya nyumbani wala kwa dodoki lilelile, na kigeti kifupi cha mbao mlangoni kinamtosha mbwa wa kimo hicho. Vitambaa vyake vikifuliwa, vianikwe kamba ya peke yake. Boksi la usiku liwe chumbani kwenu, mlango umefungwa.

Kesho asubuhi mlishe kwanza, ndipo umpeleke kwa daktari wa mifugo. Beba kadi kama ipo, kinyesi kibichi cha asubuhi hiyo kwenye kikopo chenye mfuniko, na asali mfukoni. Mweleze kwamba aliyumba, saa ngapi, na alikaa muda gani bila kula. Lakini akitapika, akiharisha damu, akikataa milo miwili mfululizo au akiyumba tena, usisubiri kesho.