Maswali na majibu: mishipa ya shingo huziba bila kuuma

Swali: Shikamoo daktari. Nachuma chai Mufindi, na jioni shingo huniuma sana. Shemeji yangu alipata kiharusi mwaka jana. Je, na mimi mishipa yangu imeanza kuziba?

Jibu: Marahaba. Maumivu yanayokuja baada ya kubeba kapu na kutulia ukilala ni ya misuli. Ateri mbili kubwa za shingo, moja kila upande wa koromeo, hupeleka damu usoni na kwenye ubongo, na zinapozibwa taratibu na utando wa mafuta haziumi hata kidogo, kiasi kwamba mtu anaweza kulima viazi msimu mzima huku nusu ya njia imekwisha kubanwa. Utando huo hupenda kujijenga pale ateri inapogawanyika, karibu na usawa wa kikoromeo, kwa sababu damu ikifika kwenye panda hupoteza mwendo wake na kuzungukazunguka, kama maji ya mfereji yanavyoacha tope kwenye kona. Presha, kisukari, sigara na lehemu nyingi huharakisha jambo hilo. Nenda zahanati ukapime presha. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, anza matibabu. Kuhusu shemeji, ugonjwa wake haurithiwi nawe, lakini kama mnakula chungu kimoja chenye chumvi nyingi, hilo linawahusu nyote.

Swali: Baba ana miaka 64. Jana tukiwa nyumbani Mwanjelwa, kikombe cha chai kilimponyoka mkono wa kulia na maneno yake yakawa hayaeleweki. Baada ya robo saa akawa mzima. Wazee wanasema ni upepo mbaya. Tumpeleke hospitali na hali amepona?

Jibu: Mpelekeni leo, tena kabla hamjamaliza kusoma jibu hili. Alichopata ni kiharusi cha kupita: kipande cha bonge la damu hung'oka, mara nyingi kutoka ateri ya shingo, kikaziba kwa muda mshipa wa ubongo, kisha kikayeyuka. Hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kwa kuwa kilichoguswa ni mkono wa kulia pamoja na usemi, ateri ya kushoto ndiyo itakayoshukiwa kwanza. Katika hospitali ya rufaa watapima presha, sukari na moyo, kwani bonge laweza kutoka huko pia, kisha altrasaundi ya shingo, ambayo haina sindano: mtaalamu hupaka jeli ya baridi, hutembeza kifaa chini ya taya na kupima kasi ya damu, maana palipobana damu hukimbia zaidi, kama maji ya mpira uliobanwa mdomo kwa kidole. Ateri ikiwa imebana kwa asilimia 70 au zaidi, madaktari hufikiria upasuaji; wengine hutibiwa kwa vidonge. Msimpe aspirini kwa kujiamulia, kwa sababu kuvuja damu kwenye ubongo huleta dalili zilezile. Zikirudi, msisubiri robo saa nyingine ipite.

Swali: Hapa Makete presha yangu hupanda kila Juni. Je, baridi inagandisha damu?

Jibu: Haigandishi. Hubana mishipa midogo ya ngozi ili joto lisipotee, na damu ikipita penye njia nyembamba presha hupanda. Vaa vizuri, na usiache vidonge Oktoba kwa kuwa namba zimeshuka.

Swali: Kinyozi wangu wa Tukuyu akimaliza kuninyoa hunikanda shingo kisha huizungusha ghafla mpaka inalia. Kuna madhara?

Jibu: Ni nadra, lakini yapo. Mzunguko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa ateri, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kiharusi kwa vijana wasio na presha. Hata kukandamiza kwa nguvu chini ya taya kunaweza kupunguza mapigo ya moyo hadi mtu azimie. Mwambie kwa adabu aishie mabegani.