Asilimia hazieleweki, mwangwi umejaa, faili zito: podikasti ya utafiti wa afya

Swali: Mimi ni muuguzi, naishi Kisauni. Nina wenzangu wawili, na tunataka kuwaeleza wazazi matokeo ya utafiti wa afya kwa podikasti ya Kiswahili. Kipindi cha majaribio kilikuwa cha dakika 40. Kina mwangwi, wasikilizaji hawakuelewa asilimia tulizosoma, na faili la megabaiti 96 liliwamalizia bando. Tuanzie wapi?

Jibu: Dada, anzeni na hizo asilimia. Mwangwi ukimkera mtu atazima tu, lakini tarakimu iliyoeleweka vibaya ataondoka nayo hadi nyumbani. Msomaji akikwama hurudi mstari wa juu. Aliye ndani ya matatu hana pa kurudi.

Chukueni utafiti wa FEAST uliochapishwa 2011, ambao Kilifi ilishiriki. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini, waligawanywa makundi. Waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walifariki takriban asilimia 10.6 ndani ya saa 48, na ambao hawakupewa, asilimia 7.3. Mkisema "hatari iliongezeka kwa asilimia 45", hesabu ni sahihi, ila mzazi atasikia watoto 45 kati ya 100. Mkizifanya namba kamili, 11 na 7, tofauti inakuwa 4 badala ya 3.3. Semeni hivi: "Katika kila watoto 1,000 waliopewa, 106 hivi walifariki, katika 1,000 ambao hawakupewa, 73." Nyamazeni sekunde mbili, kisha: "Yaani watoto 33 zaidi." Namba tatu zinatosha kipindi kizima, na zirudiwe kwa maneno yale yale. Mkibadilisha maneno, msikilizaji atadhani ni matokeo mengine.

Nani hakuwemo? Hapa ndipo penye hatari kubwa. Watoto wanaoharisha hadi kuishiwa maji, na wenye utapiamlo mkali, hawakuingizwa katika utafiti huo. Mkiacha sentensi hiyo, mama ambaye mwanawe anaharisha anaweza kukataa dripu au ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Itajeni mara mbili: mara baada ya matokeo, na tena kabla ya kuaga. Neno "homa" nalo lina mtego, kwa kuwa wengi hulitumia kwa joto la mwili na kwa malaria pia. Chagueni "mwili kuwa moto" au "malaria", kulingana na mnachokusudia.

Mwangwi unatoka kwenye kuta za mawe na sakafu ya vigae, na programu haiuondoi vizuri ukishaingia. Rekodini chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa. Maikrofoni ya dainamiki inafaa kuliko ya kondensa, ambayo huokota tuktuk hadi za barabarani. Iwekeni shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili "p" na "b" zisipige upepo. Zimeni feni, najua joto letu, mrekodi vipande vya dakika tano tano mkipumzika katikati. Vilele vya sauti visizidi desibeli -12 hivi. Kabla ya kuzungumza rekodini ukimya wa chumba sekunde 30, mtauhitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Megabaiti 96 kwa dakika 40 maana yake mlihifadhi MP3 kwa kilobiti 320 kwa sekunde, kiwango cha muziki. Mazungumzo yanatosha mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, kilobiti 64: dakika 40 zitakuwa kama megabaiti 19, na dakika 15, ambazo ndizo ningependekeza, kama 7. Katika Audacity, ambayo ni ya bure, unganisheni kwanza kuwa mono, sawazisheni sauti kwenye LUFS -19 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), ndipo mtoe MP3. Faili la WAV la asili, lisilobanwa, msilifute. Kila mnapohariri MP3 na kuihifadhi upya, ubora hupungua.

Sauti ya mgonjwa isiingie bila ridhaa ya maandishi inayotaja podikasti. Ridhaa ya matibabu haitoshi. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kubadilisha sauti iwe nzito hakumfichi mtu ikiwa mtaa, ugonjwa na tarehe vimetajwa. Na ikiwa utafiti ni wenu na haujachapishwa, ulizeni kwanza kamati ya maadili na jarida mlilopeleka.

Kabla ya kutoa kipindi, wasikilizisheni wazazi watano wasio wahudumu wa afya, kisha kila mmoja aeleze alichosikia bila kusaidiwa. Hata mmoja akisema "dripu ni mbaya", kirudisheni mezani mrekodi upya sehemu ya watoto wanaoharisha.