Ukinunua Xeon ya mtumba, uliza GHz kabla ya kori

Meseji ninazopata WhatsApp zinafanana: picha ya tangazo, halafu "Kaka, Xeon kori 14, ramu GB 64, bei chee. Nichukue?" Anayeuliza mara nyingi ni kijana anayepiga video za harusi na sendofu. Mchana anahariri, usiku anataka gemu kama GTA V au FC ya mpira. Namrudishia swali moja: Xeon namba ngapi? Hapo wengi wanakwama, maana tangazo limetaja jina la ukoo tu.

Xeon ni prosesa ambazo Intel huzitengeneza kwa ajili ya seva na kompyuta za kazi nzito, kama HP Z420 na Z440, Dell Precision T5810 au Lenovo ThinkStation P500. Kampuni za Ulaya na Marekani zikishazitumia miaka yake huziondoa kwa mkupuo, na baadhi yake zinatufikia huku Kariakoo kupitia Dubai. Ni mashine ngumu, bati zito, feni kubwa, na ukilinganisha na laptop mpya za bei hiyohiyo hakuna mjadala. Mimi nahariri kwenye Z440 na sina mpango wa kuiacha.

Kinachowaponza watu ni idadi ya kori, yaani sehemu ndani ya prosesa zinazogawana kazi, huku wakisahau GHz, ambayo ni kasi ya kila kori. E5-2680 v4 ina kori 14, sawa, lakini inaanzia GHz 2.4, na hata ijikaze vipi haivuki 3.3. E5-1650 v4, ya mwaka uleule wa 2016, ina kori 6 tu ila inaanzia 3.6 na kufika 4.0. Kwenye gemu nyingi hii ya pili ndiyo itakupa picha laini zaidi, kwa sababu gemu huitwisha mzigo mkubwa kori moja au mbili, na nyingine zinabaki zinatazama. Ni kuita mafundi 14 waje kupiga msumari mmoja. Kwa hiyo mimi naangalia tarakimu mbili za mwanzo baada ya E5: zikiwa 16, hiyo ni ya mashine yenye prosesa moja, na nyingi ya hizo zina kasi. Zikiwa 26, iliundwa ikae mbili kwenye bodi moja, na nyingi ni za seva: kori kibao, mwendo wa pole. Zipo zinazokiuka, mfano E5-2667 v4 yenye kori 8 inayoanzia 3.2 na kufika 3.6. Hiyo ukiipata usiiache.

Zile zenye prosesa mbili kabisa, Z640 na Z840, waachie wenyewe. Gemu haijui ifanye nini na prosesa ya pili, ila umeme inakula.

Kwenye kuhariri kori nyingi zina faida yake. Ukirenda (kutoa video iliyokamilika) kwa H.265, mfumo wa kubana video, kwa kutumia prosesa yenyewe, tuseme kwenye programu ya HandBrake, zile kori 14 zitafanya kazi kweli. Lakini tuwe wakweli, sehemu kubwa ya siku ya mhariri haiendi kwenye kurenda. Inaenda kwenye kuburuta taimulaini, kukata, kurudi nyuma sekunde tano, kukata tena. Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja: Xeon E5 haina grafiki ya ndani. Maana yake haina Quick Sync, ile sehemu ya chipu za Intel inayofungua (kucheza) na kufunga (kubana) video za H.264 na H.265. Unaleta klipu za iPhone au droni zilizorekodiwa kwa H.265, unabonyeza pleya, picha inaruka kama CD iliyokwaruzwa. Nimeona laptop ya kawaida ya i5 ikicheza klipu bila wasiwasi huku mnara wa kori 14 pembeni yake unahema.

Dawa ni kadi ya grafiki inayoweza kufanya kazi hiyo, au kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu, kabla hujaanza kukata. Mashine hizi mara nyingi huja na Quadro K620 ya GB 2, ambayo inatosha kuwasha skrini na si zaidi ya hapo. GTX 1650 ni chaguo la amani: inakula wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Ukitaka nguvu zaidi kuna GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 ya GB 8, ila hizo zinadai waya wake kutoka kwenye pawa saplai, kwa hiyo fungua ubavu wa mashine uhakikishe waya upo kabla hujalipia kadi. RX 6500 XT inaonekana tamu kwa bei, lakini mhariri aikimbie: haina kabisa sehemu ya kufunga video, na inatumia njia nne tu za PCIe (tundu la kadi kwenye bodi), jambo linaloipunguzia nguvu kwenye mashine za PCIe 3.0 kama hizi. Kadi za Intel Arc nazo zinataka Resizable BAR (prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo), kitu ambacho mashine hizi hazikuzaliwa nacho.

Ile herufi v mwishoni mwa namba ni kizazi. Kuanzia v3, ya 2014, unapata AVX2 (maagizo ya prosesa yanayoharakisha hesabu nzito kama za video) na ramu za DDR4. Chini ya hapo, v2 bado inasukuma kama mfuko umebana sana. Lakini X5650 na X5675 za miaka ya 2010 na 2011 hazina hata AVX ya kwanza, na kuna gemu na programu za video ambazo zitagoma kufunguka, haijalishi umeweka kadi gani.

Kama umepata Z420 na unataka kuipandisha iwe na E5-1650 v2, ingia kwenye BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows), fungua taarifa za mfumo, utafute tarehe ya boot block, kipande cha BIOS kinachoanza kuwasha mashine. Ikiwa ni ya 2013, endelea. Ikiwa ni ya 2011, mashine hiyo haitaipokea v2 hata usasishe BIOS mara ngapi, maana sehemu hiyo haiguswi na masasisho ya kawaida. Wauza prosesa wengi hawalijui hili, na prosesa ikigoma mtaanza kubishana bure nani ameiunguza.

Ramu pia ina mtego wake. Chomoa kijiti kimoja usome stika. Kwenye Z440 utaona maandishi kama PC4-2400T-R. Hiyo R ndiyo habari yote: ni ramu ya aina ya seva, na mara nyingi ni rahisi kuliko ya kawaida. Ya kawaida imeandikwa U mahali hapo. Zote mbili zinaingia kwenye tundu lilelile, lakini ukizichanganya mashine haiwaki. Na kwa kuwa prosesa hizi zina njia nne za ramu, vijiti vinne vya GB 8 vina faida kuliko kimoja cha GB 32.

LUKU usiisahau. E5-1650 v4 peke yake imepimwa wati 140, bado kadi. Mashine ikivuta wati 250 wakati wa gemu, kila saa nne uniti moja imeondoka. Kwa anayelipwa kwa kazi ya video si tatizo, kwa anayecheza tu kila usiku atalisikia. Na chumba cha Dar kisicho na AC kitapata joto, hilo halina ubishi.

Kuhusu Windows: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na E5 zote haziko kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Zipo njia za kuisakinisha hivyohivyo, ila gemu ya Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vitu vya ulinzi wa mashine, kwa hiyo mchezaji wake ajipange. Ukitaka kuwa ndani ya orodha, panda hadi Xeon W za 2017, kama W-2135 yenye kori 6 inayofika GHz 4.5. Zinapatikana kwenye HP Z4 G4, Dell Precision 5820 na ThinkStation P520. Bei yake iko juu, na ikikaribia ya kuunda mashine ya Ryzen 5 5600, nenda na Ryzen. Inakula wati 65 na kwenye gemu inazipita zote nilizozitaja hapa.

Siku ya kununua beba flashi yenye CPU-Z, programu inayosoma taarifa za prosesa. Jina la prosesa likija na herufi ES, hiyo ni sampuli ya majaribio, irudishe. Pawa saplai nayo isikilize mashine ikiwa kazini: za HP hizi zina viunganishi vyake vya pekee, na ikifa huwezi kuchukua yoyote ya dukani ukachomeka.