Mzee anagusa, mimi sisikii

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naendesha mashine ya kusaga ya baba yangu mdogo hapa Makambako. Asubuhi mzee akipita hugusa hauzingi ya beringi, ile nyumba ya chuma inayoishika, kwa ncha za vidole viwili, kisha anasema, "Hii haimalizi wiki." Na kweli haimalizi. Mimi nikigusa palepale kwa mgongo wa mkono, kama fundi umeme alivyonifundisha, sisikii kitu ila joto. Lakini injini yetu ya dizeli ikiwaka naisikia hadi tumboni, uji wote unacheza. Ni uzoefu wake tu?
Kijana wa mashineni

JIBU: Marahaba mwanangu. Uzoefu anao, ila wewe umegusa kwa upande usiofaa. Fundi umeme hakukosea: ukipigwa shoti, vidole hujikunja, na mgongo wa mkono hauwezi kung'ang'ania chuma. Kwa mtetemo, lakini, upande huo ni mzito wa kusikia. (Na umesema vizuri "sisikii". Kiswahili kinasikia sauti, baridi na maumivu kwa neno lilelile.)

Ndani ya vidole, viganja na nyayo kuna vipokezi vingi vyenye tabaka kama kitunguu, kila kimoja kikifikia urefu wa milimita moja hivi. Vinaitwa kwa jina la Mtaliano Filippo Pacini, aliyevieleza karne ya 19. Tabaka zile humeza mgandamizo wa polepole na kupitisha mtikisiko wa haraka. Vinasikia vizuri zaidi mtetemo wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Hapo ngozi ya kidole ikisogea hata chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, unajua.

Sasa tupige hesabu ya mashine. Tuseme shafti inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, na beringi ina gololi 8. Gololi huzunguka polepole kuliko shafti, kama mara 20 kwa sekunde. Kikombe cha nje cha beringi, ambamo gololi hupita, kikipata kidonda, zinakikanyaga mara 160 hivi kila sekunde. Huo ni mtetemo ambao ncha za vidole vya mzee zinaupata vizuri.

Injini ni habari nyingine. Ya silinda moja yenye mizunguko 650 kwa dakika hulipuka mara moja kila mizunguko miwili, zaidi kidogo ya mara 5 kwa sekunde. Mwili mzima wa mtu nao, kama mzigo juu ya springi, hupenda kuyumba mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Sakafu ikikusukuma kwa mwendo huohuo, tumbo linafuata. Hapo si ngozi peke yake inayosikia: misuli, viungo na matumbo yenyewe yanasogea.

Umri nao hupunguza, na miguu ndiyo hutangulia. Mimi nina sukari. Kliniki daktari aligonga uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili, cha mitetemo 128 kwa sekunde, akausimamisha juu ya kidole gumba cha mguu. "Sema ukinyamaza." Nikasema umenyamaza. Akauhamishia kwenye kifundo cha mkono wangu: ulikuwa unavuma vizuri tu! Mimi niliyegonga chuma hicho mbele ya wanafunzi miaka yote ile.

Kwa hiyo kesho gusa asubuhi kama mzee, kabla hujashikilia kitu kinachotikisika, maana vidole vikitikiswa muda mrefu hufa ganzi na kudanganya. Mikono iwe na joto. Baridi ya Makambako naijua. Gusa kidogo, usikandamize, na kunja mikono ya shati, maana mkanda uko karibu. Anza na beringi unayojua ni mpya, ndipo uende kwa ile mbovu. Halafu niandikie, uniambie kama mzee alikuwa sahihi kuhusu wiki.