Maswali na Majibu: Nimeficha kitufe cha kufuta, imetosha?

SWALI: Natengeneza mfumo wa bukingi wa hoteli ndogo ya Paje. Mapokezi waone wageni, mhasibu aone mapato, meneja peke yake afute bukingi. Masharti ya "kama ni meneja" nimeyatia katika kila ukurasa wa React (maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa), sasa yamenishinda. Mwenzangu ananambia niweke sera zote, yaani kanuni za nani anaruhusiwa nini, kwenye brauza, asiyeruhusiwa afichiwe kitufe, mambo yamekwisha. Nitumie maktaba gani?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Kuyakusanya masharti pahala pamoja ni sawa, na kwa JavaScript maktaba ya CASL itakufaa. Hilo dogo. Lililonikera ni hayo "mambo yamekwisha", kwa sababu nayasikia kila mwezi.

Brauza ni ya mtumiaji, si yako. Chochote ulichokipeleka huko anaweza kukisoma na kukibadilisha. Kitufe ni pazia la mlangoni: linamwambia mgeni mwenye adabu asiingie, lakini halimzuii mtu. Mfanyakazi wa mapokezi akibonyeza F12, zikafunguka zana za brauza, ataona maombi yanayokwenda kwenye seva (kompyuta inayotunza bukingi), atanakili moja, atabadilisha namba, atalituma. Seva isipouliza chochote, bukingi imefutika, na kitufe hakijaonekana hata mara moja.

Niliwahi kuitwa kuuangalia mfumo mmoja uliokwisha lipiwa. Vitufe vimefichwa vizuri kabisa, na fundi kaongeza ufundi wake: kazuia kubofya kulia! Nikabadilisha namba ya bukingi kwenye anwani, kutoka 214 kuwa 215, ikanijia pasipoti ya mgeni nisiyemjua. Haikuchukua hata dakika moja.

Basi sera ikae kwenye seva, na kila ombi lipite hapo. Iandike mbali na msimbo wa kurasa: nani, anataka kufanya nini, juu ya kitu gani, katika hali gani. Open Policy Agent (OPA), programu ya kuamulia ruhusa, hufanya hivyo kwa lugha yake ya Rego. Cedar ya Amazon nayo ni njia nyingine. Kwa hoteli ya vyumba kumi, hata faili moja ulilolipanga vizuri linatosha. Muhimu ni kwamba lisilotajwa limekatazwa, na jibu lake ni 403, yaani "huruhusiwi".

Kurasa zako zisiulize "huyu ni meneja?" Ziulize "huyu anaruhusiwa kuifuta bukingi hii?" Seva ikupe bukingi pamoja na orodha ya yanayoruhusiwa juu yake, nawe uchore vitufe kwa orodha hiyo. Kesho mwenye hoteli akisema mapokezi nao wafute, mradi mgeni hajalipa, utabadilisha sera tu, kurasa huzigusi.

Najua utaniambia sera za OPA huweza kugeuzwa kuwa WebAssembly, msimbo ambao brauza huuelewa, zikaendeshwa ndani ya brauza. Kweli, na skrini itajibu haraka zaidi. Lakini hilo ni la kuchorea tu. Hata cheo ulichokiandika ndani ya tokeni ya JWT (kitambulisho anachopewa mtumiaji akishaingia), mwenye tokeni anakisoma. Na mfanyakazi aliyeachishwa kazi asubuhi ataendelea kuwa meneja mpaka tokeni iishe muda, kama seva haiangalii kwengine.

Wala si tatizo la Unguja na Pemba peke yetu. Katika orodha ya mwaka 2021 ya hatari kubwa za programu za wavuti, inayotolewa na shirika la usalama la OWASP, udhaifu wa kudhibiti ruhusa ulipanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza.

Na nyinyi wenye hoteli mnaouziwa "mfumo kamili kwa wiki moja", msiangalie rangi za skrini. Mwambieni fundi aingie kwa akaunti ya mapokezi, anakili ombi la meneja la kufuta, alitume kwa tokeni yake ya mapokezi, nanyi mmesimama nyuma yake. Isiporudi 403, msimlipe. Akisema "hapa hakuna ajuaye kufanya hivyo", mpeni nauli ya boti tu.